Mama Pacha Anauliza Hali ya Hewa

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii itakufikia ndani ya bahasha ya Mama wa Nyumba, kama mlivyopatana, nami sina ubavu wa kubishana na mwanamke yule. Sijui uko wapi na sitaki kujua. Wakati mwingine nikinyoa ndevu najikuta nakisia, basi nawasha redio kwa sauti kubwa mpaka mawazo yapotee.

Ninayo habari. Nimepata kazi ya pembeni pale pale kwenye nyumba iliyokuficha. Mama wa Nyumba anasema wanawake wakishaondoka kwake wanatawanyika, kila mmoja mji wake, na upweke unawarudisha kwa wanaume waliowakimbia. Anataka wawe wanaandikiana. Akaniita, akanionyesha kompyuta kuukuu chini ya ngazi, karibu na gunia la sabuni, akasema, "Fundi, hii inatosha?" Nikamwambia inatosha kuchemshia chai. Hakucheka.

Wewe ni mtu wa vitabu, kwa hiyo nitakueleza taratibu. Ndani ya kompyuta ile nimeweka seva mbili. Moja ni ya barua: inapokea na kutuma, kama posta. Ya pili ni ya tovuti: inaonyesha ukurasa ambao mtu anaandikia jina lake ili ajiunge. Katikati yake kuna programu ya kundi. Mmoja wenu akiandika barua pepe moja kwenye anwani ya kundi, programu inainakili na kumpelekea kila mwanachama. Mmoja anasema, wote wanasikia, na hakuna anayeiona anwani ya mwenzake.

Imenitoa jasho. Seva ya barua ilikuwa ikijitaja jina, lakini kampuni kubwa za barua zilipoulizia namba yake ni ya nani, zikakuta hakuna anayeijua. Basi kila tulichotuma kilitupwa kwenye takataka. Nimetuma neno "jaribio" mara nyingi hata Mama akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna mtu wa kunitazama. Sasa inatambulika na barua zinafika.

Jiunge. Tumia jina la bandia, lisiwe lolote ambalo mtu wa nyumbani amewahi kukuita.

Najua swali lako. Mumeo Daktari hajakanyaga karakana ninakofanya kazi wala kupiga simu. Lala.

Mdogo wako,
Kiziwanda

---

19 Februari

Kiziwanda wangu,

Marahaba. Umeniambia nilale kana kwamba usingizi ni swichi ya ukutani.

Nimejiunga. Naitwa Bi Kofia, kwa sababu siku hizi sitoki bila kofia, na nikiona dirisha la duka naangalia kwanza nani yuko nyuma yangu ndipo niangalie vilivyomo. Nafanya kazi ya maktaba. Ni chumba kirefu chenye mlango mmoja, na huo ndio ubaya wake. Wanafunzi wanaingia wakicheka, nami kila mlango ukisukumwa nahesabu viatu kwanza: vya raba, sawa, ndala, sawa, vya ngozi vilivyong'arishwa, naanza kutafuta pa kujificha. Juzi mhasibu aliingia na viatu vya namna hiyo. Nilijikuta nimechuchumaa nyuma ya rafu za jiografia. Nikamwambia nimeangusha kalamu.

Watu hudhani ninachoogopa ni kipigo. Kipigo kina mwisho. Ninachoogopa ni upole unaokuja baadaye. Ule mkono alionivunja, unajua nani aliufunga bandeji? Yeye mwenyewe. Alipiga magoti sakafuni, akaniuliza kama imebana sana. Nilipokwenda kituo cha polisi, mkuu wa zamu alisikiliza mpaka nilipotaja jina, akashika shavu lake akasema, "Yule daktari wa meno? Mbona ni mtu mzuri sana!"

Lakini nikushukuru. Barua ya kwanza ya kundi ilipokuja niliisoma nimesimama. Mwanamke mmoja anayejiita Mkunga alikuwa ameandika kwamba bado anapika chakula cha mume ambaye hayupo, kisha anakaa anakitazama. Wengine wakamjibu. Hata mimi nikajibu. Nilicheka, Kiziwanda, peke yangu, kwa sauti, maktabani!

Niambie ukweli, lakini. Kweli hajaja? Mtu yule hawezi kukaa kimya. Ukimya wake naufahamu kuliko sauti yake.

Dada yako

---

27 Februari

Shemeji yangu mpendwa,

Natumaini jino halikusumbui tena. Uliponijia Jumamosi ulikuwa umekaza taya, na nilikwambia mara tatu ulegeze. Woga huongeza maumivu. Nimefurahi ulikubali kuja, maana nilipopita karakana mara ya kwanza ulinitazama kama nimekuja kudai kitu.

Sina ninachodai. Mimi ni mume anayemtafuta mkewe. Nyumba iko kama alivyoiacha, nguo zake zimepigwa pasi. Watu wananiuliza dada yako yuko wapi, nawaambia amekwenda masomoni. Unaona bado namlindia heshima yake.

Fundi mwenzako, yule mrefu niliyemziba jino wiki iliyopita, anakusifu sana. Ameniambia umewafungulia akina mama wa ile nyumba tovuti na kundi la barua. Kazi njema. Siulizi mke wangu anakaa wapi, wewe ni nduguye na una wajibu wako. Naomba tu, kama ipo njia ya kumfikishia maneno yangu, uifikirie. Damu yenu ni moja, lakini na mimi nimekula nanyi miaka kumi.

Usinijibu kwa haraka. Pumua kwanza, kisha unijibu.

Wako katika udugu,
Daktari

---

6 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimekwambia hajaja, na narudia: hajaja. Ukiendelea kuniuliza nitadhani hunipendi, unapenda majibu tu.

Kundi linakua. Mwanzoni nilikuwa nimeweka kwamba mtu akijiandikisha kwenye ukurasa, ombi lisubiri Mama wa Nyumba aliidhinishe kwa mkono wake. Lakini Mama ana watu wa kulisha na watoto wa kupeleka hospitali, maombi yakawa yanakaa. Mwanamke mmoja alisubiri mpaka akakata tamaa, na tumesikia amerudi kwa mumewe. Mama alilia, akasema, "Ondoa hicho kizuizi, fundi. Kila anayebisha aingie." Nikakiondoa. Sasa programu inamtumia mtu barua ya kumuuliza kama ni kweli anataka kujiunga, akijibu ndiyo, yumo.

Karakana iko vizuri. Mwenye karakana ameanza kunifundisha kutengeneza mashine za kunakilia karatasi, kazi ya kupaka uso wino. Nimezibwa jino moja, halinisumbui.

Kula vizuri.

Kiziwanda

---

20 Machi

Kiziwanda,

Leo sina manung'uniko, shika kalamu uandike tarehe.

Nimepata rafiki. Anajiita Mama Pacha. Aliingia kwenye kundi karibuni, na kila anayeandika anamjibu kwa upole. Watoto wake mapacha wana kikohozi kisichokwisha, ndiyo maana anauliza kila mtu hali ya hewa ya alipo, anatafuta mji usio na unyevu ahamie. Wenzangu wamemjibu, huyu kwake kuna vumbi, yule kwake kuna baridi. Mimi sikutaja mji, usiogope. Nilisema tu kwamba huku mvua inaanza baada ya chakula cha mchana, na kwamba paa la mahali ninapofanyia kazi ni la bati, hivyo ikinyesha hatusikilizani na kengele ya chuo haisikiki.

Tangu hapo ananiandikia mimi pekee. Nilimpa anwani yangu mwenyewe. Anapenda vitabu. Anasema barua zangu zina mpangilio, kwamba angenitambua hata nisipoweka jina. Nani ameniambia neno kama hilo katika maisha yangu? Nilipomweleza kwamba nikisikia viatu vya ngozi nachuchumaa, hakunicheka. Alijibu hivi, nakunakilia:

"Usijilaumu, mpenzi. Hofu ni ya mwili, si yako. Mimi nadhani hata yeye huko aliko anaumia. Je, hujawahi kufikiri kumwandikia mstari mmoja tu? Usiamue leo. Pumua kwanza, kisha unijibu."

Nimekaa na maneno haya siku kadhaa. Sitamwandikia, hapana. Lakini ni mara ya kwanza kufikiri juu ya mtu yule bila kugeuka kutazama mlango. Mama Pacha anasema akipata nafasi wakati wa likizo ya chuo atapita anione. Kuna ubaya gani? Ana watoto wawili wagonjwa, ataniuma?

Dada yako anayecheka

---

28 Machi

Dada,

Hakuna shikamoo leo, nisamehe. Mama wa Nyumba anakuletea barua hii kwa mkono wake, ameahirisha kila kitu na kupanda basi. Ukimaliza kuisoma, fungasha. Nenda atakakokupeleka. Usirudi maktabani hata kuchukua kikombe.

Mama Pacha ni Daktari.

Nilipofika kwenye yale maneno uliyoninakilia, chai ilinimwagikia magotini na sikusikia moto wake. "Pumua kwanza, kisha unijibu." Ameniandikia hivyo hivyo. Ndiyo, ameniandikia. Amekuja karakana, nimekwenda kliniki yake, nimelala kwenye kiti chake nimefungua mdomo na vyuma vyake vimo ndani, kwa sababu niliogopa kwamba nikikataa atajua nina la kuficha. Nilikudanganya. Nilidhani uongo wangu ni blanketi, nakufunika upate usingizi.

Nilitaka kwanza nihakikishe, isiwe woga wangu tu. Seva ya tovuti huandika namba ya mtandao wa kila anayefungua ukurasa. Nikaitafuta namba ya aliyejiandikisha kama Mama Pacha. Kisha nikafungua barua pepe ya kliniki yake, ile ya kunikumbusha siku ya jino, nikatazama imetoka wapi. Namba ni ile ile. Nilizisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, nikitamani zitofautiane hata tarakimu moja.

Na liko baya zaidi. Kila barua pepe hubeba mgongoni jina la mashine ilikotoka, mfano wa muhuri wa posta. Mtu wa kawaida haoni, lakini anayejua pa kubofya anaona. Programu ya kundi inaweza kufuta mihuri hiyo. Mimi sikuiambia ifute. Barua zako zote zimegongwa jina la chuo chako, herufi kwa herufi. Hakuhitaji hali ya hewa, Dada. Alikuwa akiuliza mvua ili akutambue kati ya wanawake wote wale, na wewe ukamjibu kwa mpangilio wako ule. Alipokutambua, mahali pako alipasoma mwenyewe.

Sijamfukuza kundini. Nikimfukuza atajua tumejua, na ataanza safari siku hiyo hiyo. Kila kitu nimekiacha kama kilivyo. Wanawake wanaendelea kumweleza siri zao naye anaendelea kuwapa pole, nami nimekaa chini ya ngazi naziangalia zikipita.

Ondoka tafadhali.

Kiziwanda

---

31 Machi

Kiziwanda,

Mama wa Nyumba anasubiri nimalize. Niko chumba kingine, mji mwingine, chenye godoro na ndoo na dirisha linalotazama ukuta. Naandikia juu ya paja.

Alipiga simu chuoni. Nimeambiwa na katibu tulipokuwa tukitoka. Alifurahi kunipa habari! "Kuna mtu mmoja mstaarabu sana ameuliza kama tuna mkutubi mwanamke anayevaa kofia. Nikamwambia tunaye, anapatikana mpaka tufunge likizo." Mama akanivuta mkono mpaka tukavuka lango.

Nimekukasirikia kiasi kwamba sikuoni vizuri. Nilikuuliza. Nilikuuliza waziwazi, ukanifanyia mzaha. Ungeniambia kwamba amekuja, nisingemwamini hata kuku akinisalimia kwa jina. Wote mnadhani mimi ni kitu cha kufunikwa: yeye kwa bandeji, wewe kwa blanketi.

Lakini nimemwandikia kwa mikono yangu mwenyewe, na hilo ndilo linalonitapisha. Nimemweleza ndoto zangu. Amesoma jinsi ninavyochuchumaa. Yale maneno ya kupumua kumbe ni ya wagonjwa wake. Mimi hakuniambia kamwe. Nyumbani hakuwahi kunipa nafasi ya kupumua, ndiyo maana sikuyatambua.

Usifanye lolote. Unasikia? Mfunge nje ya hilo kundi, zima hiyo kompyuta, itupe hata chooni. Usimkaribie. Hujui anavyokuwa uso wake unapotulia.

Dada

---

3 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na unayo haki ya kunikasirikia mpaka uchoke.

Nitafanya ulivyosema. Ijumaa hii namfunga nje, na tangu sasa Mama wa Nyumba ndiye atakayemkubali kila mwanachama kwa mkono wake, hata wakisubiri. Mihuri nimeifuta. Ukiandika leo, barua yako itaonekana imezaliwa chini ya ngazi, karibu na sabuni.

Huku hakuna jipya. Mafundi wa vyuma wa jirani wanagonga tangu asubuhi, masikio yanalia. Nimeanza kujifunza kupika, nimeunguza sufuria mbili. Wewe kaa hapo ulipo, usitoke.

Nakupenda, hata kama sisemi.

Kiziwanda

---

10 Aprili

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Nduguyo yu hai. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki.

Hakukwambia yote katika barua yake ya mwisho, na mimi nilijua, nikanyamaza kwa sababu aliniapisha. Alikuja kwangu akasema, "Mama, dada yangu atakimbia mpaka lini? Akitoka huko atakwenda wapi? Polisi wanataka ushahidi, nami naweza kuutengeneza." Nikamkatalia. Akakaa jikoni kwangu mchana kutwa, akikataa hata chai, mpaka nikakubali.

Aliandika barua pepe kwa jina la Bi Kofia, akaweka anwani yako, akaituma kwa Mama Pacha peke yake, bila kupitia kundi. Ilisema hivi: "Rafiki yangu, Ijumaa saa nane mchana nitapita kwa mdogo wangu kazini kuchukua vitu vya marehemu mama, kisha nasafiri mbali na sitaandika tena. Niombee." Ni hayo tu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyepata barua ile. Kwa hiyo atakayetokea Ijumaa atakuwa amejitaja mwenyewe.

Tulimpata askari mmoja mwanamke, ambaye hajawahi kutibiwa jino na mtu yule, akakubali kuwa pale saa saba unusu. Mafundi wa vyuma nao waliambiwa wakisikia kitu kizito kimeanguka, waje.

Daktari alikuja saa sita. Mafundi walikuwa wamekwenda kula, mwenye karakana alikuwa sokoni, na nduguyo alikuwa peke yake amepiga magoti mbele ya mashine ya kunakilia. Haya nimeyapata kwa mshonaji wa chumba cha pili, anayetenganishwa na karakana kwa ubao mwembamba. Anasema hakusikia kelele, ndiyo maana alichelewa. Alisikia mtu akiuliza kwa sauti ya chini, "Yuko wapi?" Nduguyo akasema, "Nani, shemeji?" Yule akasema, "Fungua mdomo." Kisha akasikia kitu kama ukuni unavunjwa, na tena, na ile sauti ya chini ikirudia, "Fungua mdomo, shemeji. Fungua." Hapo ndipo mshonaji alipopiga mayowe na kukimbilia lango, akalifunga kwa nje.

Watu walijaa, wakafungua lango. Na unajua walichokuta? Daktari amemlaza nduguyo chali, amevua shati lake zuri amelichana vipande, anamfunga mkono uliovunjika. Akawaambia, "Mashine imemwangukia. Leteni maji, mimi ni daktari." Wakaleta maji! Wakampa nafasi. Nilipofika na yule askari, watu walikuwa wakimshukuru. Nduguyo hakuweza kusema, taya limeumia, damu tupu. Alikuwa akinitazama tu mimi, ametoa macho.

Mwanangu, hapo niliogopa kuliko siku zote za kazi hii. Niliona jinsi mambo yatakavyokwisha: atanawa mikono, atavaa koti, atakwenda.

Askari hakupandisha sauti. Alimuuliza, "Daktari, umejuaje kuja hapa leo?"

Akasema, "Mke wangu aliniandikia kwamba atapita hapa."

"Alikuandikia kwa anwani gani?"

Akafungua mdomo. Kisha akaufunga. Nilimwona anatafuta jibu usoni mwa mmoja mmoja, na kila uso ukawa unarudi nyuma kidogo. Mshonaji akasema kwa sauti, "Hakuna mashine iliyoanguka. Nimesikia kila kitu." Askari akamwomba anyooshe mikono.

Wamemshikilia. Kesho kutwa anapelekwa mahakamani kuomba dhamana, na wakili wake ameshaanza kuzungukazunguka. Barua zote za Mama Pacha zipo, na namba za mtandao zipo. Lakini wakili anasema hizo ni karatasi tu, kwamba mtu mwenye hofu anaweza kuandika lolote. Sikuombi kitu. Nakwambia ilivyo. Nduguyo yuko wodi ya ghorofa ya pili, mkono na mbavu na taya, ataishi.

Wanawake wa kundi nimewaeleza. Nilidhani watajitoa wote. Wengine wamejitoa, na siwalaumu. Waliobaki hawajaandika chochote tangu siku ile, kila mtu anamwogopa mwenzake. Barua hii nimempa yule askari akufikishie leo leo.

Mama wa Nyumba

---

11 Aprili

Kiziwanda,

Usijaribu kuinuka. Muuguzi atakupa karatasi hii, nami niko chini, kwenye ngazi za hospitali, nimekaa naandika kabla ya kupanda.

Nimesafiri tangu alfajiri. Kwenye basi alikaa karibu nami mwanamume mwenye harufu ya dawa ya mikono, nikashuka njiani nikasubiri basi jingine. Hapa kila mtu amevaa koti jeupe. Sasa hivi amepita mmoja, mrefu, anapangusa miwani, akaniuliza, "Mama, una tatizo?" Nilishika chuma cha ngazi mpaka alipokata kona. Najua amefungiwa. Mama ameapa, askari ameniambia kwa mdomo wake. Mwili wangu haujaambiwa.

Jana niliwaandikia kundi. Niliandika kwamba Bi Kofia ni mimi, kwamba Mama Pacha alikuwa mume wangu, kwamba yote niliyomwambia nilimwambia nikidhani ni mwanamke mwenye watoto wagonjwa, na kwamba sioni haya. Nilisema siku ya dhamana nakwenda mahakamani kusimama mbele yake na kusema kwa sauti yangu, ili wakili asiseme ni karatasi tu. Nikasubiri. Nilidhani sitajibiwa. Kisha Mkunga akajibu, maneno mawili: "Saa ngapi?" Na mwingine akauliza mlango wa mahakama uko upande gani. Na mwingine, na mwingine.

Sijui kama watakuja. Sijui kama nikimwona sauti itatoka. Inawezekana nitasimama pale kama gogo naye atanitazama kwa ule upole wake, na wote watamwonea huruma yeye. Naogopa, Kiziwanda. Naogopa hata ngazi hizi, maana juu kuna wewe, na nitaona ulivyofanywa kwa ajili yangu.

Hasira yangu bado ninayo. Ukipona tutagombana vizuri.

Muuguzi ameshuka. Nampa karatasi. Ananiambia umeuliza kwa kuandika kama kuna barua, ukaandika tena, kama niko salama. Mwambie mtu akufungulie pazia upate mwanga. Nakuja juu, nahesabu viatu, nakuja.

Dada yako